Kinyonga wa Mwalimu Saumu

Mwalimu Saumu Singano alipohamia shuleni kwetu, kwenye mteremko wa juu ya barabara ya Bumbuli, tulimcheka wiki nzima. Alikuja na begi moja la nguo na gunia la mabanzi, yale mabaki ya mbao yanayotupwa wanakopasua miti ya misaipresi. Tulidhani kaleta kuni.

Yale mabanzi aliyakata vipande, akavichonga meno ili kimoja kikae ndani ya kingine, akavipaka rangi iliyobaki tulipopaka madarasa. Cha bluu kilikuwa cha kutembea, cha kijani cha kurudi nyuma, cha njano cha kusubiri, na kile kirefu chekundu, chenye mdomo wa kumeza vingine, kilikuwa cha kurudia. Mambo hayo aliyapata kwenye semina ya wiki mbili Tanga. Huko alionyeshwa programu ya kompyuta ambayo mtoto haandiki kitu, anapanga tu vitofali vya rangi, na mchoro kwenye kioo unafanya alivyoamriwa. Shule yetu haikuwa na kompyuta hata moja, lakini yeye hilo halikumsumbua. Darasa la tano walipanga vitofali sakafuni, mmoja wao akawa ndiye kompyuta, akatembea kama alivyopangiwa. Akigonga ukuta walicheka, wakapanga upya.

Mimi ni Beatha, mwalimu wa Kiswahili na mtunza stoo. Ufunguo wa kabati la ofisi ulikuwa wangu, na haya nayaandika mimi kwa sababu Saumu hayupo hapa kuyasema.

Alhamisi moja aliingia darasani na kinyonga kwenye tawi. Kwetu huku kinyonga anaogopwa, na nusu ya darasa walirukia madirishani. Aliyebaki kwenye dawati ni Salama, binti wa mama anayeuza karoti sokoni. Alimtazama yule mdudu kwa makini kama anayekagua chenji.

"Mwalimu," akasema, "anakwenda moja, anarudi nusu, anasubiri. Halafu tena vilevile."

Saumu akamsogezea vitofali. Muda si mrefu kinyonga mzima alikuwa sakafuni: nenda, rudi, subiri, na kile chekundu kimevimeza vyote vitatu. Mwalimu alishika kichwa kwa furaha, akawaahidi mbele yangu, maana nilikuwa nimepita kuchukua chaki: "Kabla hamjamaliza la saba, kinyonga huyu atatembea kwenye kioo cha kompyuta. Na mtamtembeza ninyi wenyewe."

Mwaka huohuo, katikati ya masika, kompyuta zikaja. Zilikuwa kumi, ndogo, za kufunga na kufungua kama kitabu, zimeletwa na watu wa mradi waliomwona Saumu kule semina. Alilia hadharani bila aibu. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Fanueli, alisubiri amalize kulia, kisha akatangaza mstarini kwamba hakuna wa kuzigusa mpaka aje mgeni rasmi kuzizindua.

Tuna ugonjwa wa uzinduzi sisi. Choo kipya kinafungwa kwa kufuli hadi apatikane mtu wa kukata utepe, na watoto wanaendelea kwenda migombani. Nami nilikuwa mgonjwa kama wenzangu, tena mahututi. Kila kompyuta niliifunga kwenye nailoni, nikaibana kwa kamba, nikaivika kitambaa nilichodarizi kwa mkono wangu, nikazipanga zote kabatini chini ya vikombe vya wageni. Nilizibana hivyo ili vumbi lisiingie. Huku kwetu chumvi inageuka maji koponi na viatu vinaota kuvu chini ya kitanda, halafu mimi, niliyezaliwa hukuhuku, nikaogopa vumbi.

Kila Alhamisi Saumu alikuja mlangoni.

"Dada Beatha, naomba ufunguo. Saa moja tu."

"Mwombe Mkuu, mdogo wangu. Mimi natumwa tu."

Mgeni rasmi aliahirisha kwa sababu ya vikao, akaahirisha kwa sababu ya barabara kukatika, mwisho akahamishwa, tukaanza kumsubiri mwingine. Darasa la tano likawa la sita, la sita likawa la saba. Siku moja Saumu alimfuata Mkuu ofisini, mimi nikiwa pale napanga daftari.

"Mkuu, wanangu wanamaliza Septemba."

"Sasa haraka ya nini, Mwalimu? Kompyuta haziozi."

Mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya kukata mifupa, simu ikapigwa: watu wa mradi wanakuja keshokutwa kuona watoto wametengeneza nini. Mkuu akaniita nije na ufunguo. Nilifungua kabati na harufu ikanipokea, ile ya gunia lililosahauliwa shambani. Ndani ya nailoni maji yalikuwa yametuama. Kuvu nyeupe ilikuwa imejaa katikati ya vibonyezo, na vyuma vya kuchomekea umeme vilikuwa vya kijani. Tulizifuta kwa kitenge, tukazianika kwenye jua ambalo halikutoka, tukazichomeka. Tisa hazikuamka. Ya kumi iliwaka, ikaonyesha mistari, ikazima. Saumu alijifunika uso kwa viganja.

Wageni walipofika, Salama alikuwa amefua sweta na kusuka nywele upya. Alisimama mbele ya kompyuta iliyozimika, vitofali vyake kifuani, akisubiri kuambiwa aanze.

"Zimepatwa na nini?" akauliza mama wa mradi, tena kwa upole.

"Ah, watoto, mama," akasema Mwalimu Fanueli. "Unawajua watoto. Wamezibonyeza hovyo mpaka zimekufa."

"Mkuu!" Saumu akaruka. "Watoto hawa hawajazigusa hata siku moja." Akanigeukia. "Mwulizeni Dada Beatha. Ufunguo anao yeye."

Wote wakanitazama, na Salama pia. Barua yangu ya kupandishwa daraja ilikuwa mezani kwa Mkuu, haijasainiwa. Na nailoni nilifunga mimi. Ukweli ungeanzia kwenye mikono yangu, na niliogopa. Nikasema, "Ni kweli, mama. Watoto wa siku hizi hawasikii."

Nilisema vizuri, kwa sauti ya mwalimu wa Kiswahili.

Watu wa mradi walizibeba kompyuta siku ileile. Kwa Saumu ikaja barua ya kushindwa kusimamia wanafunzi, na baada yake ya uhamisho, shule ya kule chini nyikani. Asubuhi ya kuondoka alileta lile gunia la vitofali mlangoni kwangu. Nilitamani anitukane. Alisema tu, "Dada Beatha, ungeniambia mapema kwamba unaogopa, nisingekutaja." Akashuka kwenda kusubiri gari.

Daraja nilipanda. Mkuu alisaini kwa wino wa bluu, akanipongeza.

Septemba, baada ya mtihani wa la saba, watoto walikuja stoo kurudisha vitabu. Salama alikuwa wa mwisho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Aliweka kitabu mezani lakini hakuondoka. Macho yake yaliangukia kwenye gunia pale pembeni.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Zile kompyuta, tuliziharibu lini?"

Hakuwa ananisuta. Mwalimu wa Kiswahili na Mwalimu Mkuu walikuwa wamesema, kwa hiyo lazima ilitokea. Mtoto alikuwa anajaribu kukumbuka siku yenyewe, ili aombe radhi.

Nilikivuta kitabu chake, nikakipekua polepole tangu mwanzo, nikamwambia kuna ukurasa umechanika.