Kaka Yangu Haamini Jedwali la Medali

Kaka yangu Mahmudi haamini mtu yeyote mwenye karatasi mkononi. Haamini mtu wa sensa, haamini daktari, na zaidi ya wote haamini jedwali la medali. Michezo ya Olimpiki ya Paris ilipokuwa ikiendelea, kila jioni aliweka randa chini katika karakana yake ya madau hapa Kismayo, akachukua mkaa na kuandika ubaoni nchi gani ina dhahabu ngapi, fedha ngapi, shaba ngapi. Kisha alikaa akiutazama ubao ule kama atazamavyo mizani ya muuza samaki.

Siku ya mwisho Marekani na China walikuwa na dhahabu arobaini arobaini.

"Kulthumu, sawasawa kabisa?" akaniuliza. "Na Marekani ndiye juu? Kuna mchu aamuaye haya."

Mchu ndiye mtu kwa Kibajuni chetu. Nikamweleza kwamba fedha ndizo zilizowatenganisha. Akaguna. Kilichomkera hasa kilikuwa chini zaidi kwenye ubao: Bahreini, kisiwa kile kidogo, dhahabu mbili, na waliozileta walizaliwa nchi nyingine. Somalia haikuwa na kitu, wala haijawahi kupata medali hata moja ya Olimpiki. "Wenye nguvu hawahangaiki kuzaa wachezaji," akasema. "Huchukua wana wa wachu."

Mimi ni mdogo wake na ninamcheka nitakavyo, lakini sababu zake nazijua. Vita vilipotutoa kisiwani kwetu Koyama alifika Mombasa, kisha nchi moja ya baridi huko Ulaya. Alipoomba hifadhi, maafisa wakamkalisha mezani kumpima kama kweli ni Mbajuni, mtu wa visiwa vyetu. Wakamtaka ataje visiwa toka kaskazini hadi kusini. Yeye akavitaja kwa namna alivyozoea kuvipitia na baba yetu, si kwa mpangilio walioutaka. Wakamjaribu Kisomali, akakimwaga vizuri, wakaandika kwamba Mbajuni wa visiwani hasemi hivyo. Wakamrudisha. Tangu hapo alimfunza binti yake Bushra, hata miaka saba hajatimiza: visiwa kwa mpangilio wao, kama sura ya Kurani, na mgeni mwenye karatasi akikusemesha Kisomali, wewe Kisomali hukijui. Mtoto huyo Kisomali anakisema sokoni na shuleni kutwa! Niliona ni wazimu, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, na sitamtupia mwingine.

Bushra sasa ana miaka kumi na saba na anakimbia. Maji ya bahari yakitoka, baada ya sala ya alfajiri, hufunga buibui kiunoni na kuumaliza ufuo. Mwalimu wake, Riyadh, alimpima kwa saa na kupeleka hesabu Mogadishu. Jibu likaja: kuna nafasi moja ya msichana wa mita mia nane katika timu iendayo kwenye michezo ya nchi nyingi, na atakuja mtu kumwona. Bushra hakula vizuri siku mbili kwa hamu.

"Mogadishu?" kaka alisema. "Nani kamwona huko? Huyo ni dalali wa nchi tajiri. Atamwandika kwenye ubao wa wenyewe."

Mtu huyo alikuja karakanani Riyadh akiwa darasani. Kijana nadhifu, bendera ya Somalia, ile ya nyota, kifuani. Sote tuliiona, kaka alidhani hata hiyo ya kuazima. Akatoa karatasi. Nikauona uso wa kaka ukikunjamana. Mgeni akamsalimia Bushra kwa Kisomali, akamuuliza jina na umri.

Bushra alimtazama baba yake. Baba akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Siyui Kisomali," Bushra akasema.

Mgeni akarudia polepole, akitabasamu. Mtoto akaanza kuvitaja visiwa. "Fuma, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula..." Kalamu ikasimama. Nilifungua mdomo, kaka akanikazia macho, nikaufunga.

Naye mgeni alikuwa na shaka zake. Kwa Kiswahili cha kuungaunga akatuambia kwamba aliwahi kuletewa wakimbiaji wasiojua Kisomali, wa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa majina ya kuazima, akaaibika mbele za watu. Akavuta mstari mmoja juu ya jina la Bushra kwenye karatasi, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Kaka alifurahi siku nzima.

Kesho yake asubuhi Riyadh alikuja mbio na simu yake. Kwenye picha alikuwa mtu yuleyule, mbele ya timu ya Somalia, ameshika bendera.

"Mmefanya nini?" alituuliza. "Yule ni wetu!"

Kaka alimshika Bushra mkono, wakapanda bajaji hadi uwanja wa ndege, nami nyuma yao. Tulimkuta mtu wetu getini na begi lake. Kaka alimwaga Kisomali chote alichonacho, Kisomali kitamu cha sokoni, akaapa, akaomba, mpaka walinzi wakatugeukia. Mtu yule alisikiliza hadi mwisho.

"Adeer," akamwambia, kama Wasomali wamwitavyo mzee wa heshima, "jana hamkujua hata neno. Leo mwakijua kunishinda. Niambie mwenyewe, niandike lipi?"

Niliona aibu, nikamwonea kaka huruma, na nikatamani kumpiga.

Ndipo Bushra akasema, kwa Kisomali safi, kwamba anaweza kukimbia sasa hivi, hapo hapo barabarani, wampime.

"Miguu yako sikuitilia shaka," mtu yule akamjibu, akaingia ndani.

Bushra hakulia. Bado anakimbia alfajiri, anapika, anafua nguo za baba yake na kumwandalia chai. Kaka humsemesha Kibajuni asubuhi, mchana na jioni, kwa upole ambao hakuwa nao zamani. Naye humjibu kwa Kisomali.