Nilipohamishia Shule Sebuleni

Binti yetu alipotimiza miaka minane, tumbo lilianza kumuuma kila asubuhi ya shule. Daktari hakuona kitu. Jumamosi halikumuuma. Tukaomba kibali cha kumsomesha nyumbani, hapa kwetu Bankstown, ughaibuni, kibali kikatoka, nami nikaacha zamu zangu za asubuhi.

Mimi nimesomea Tanga, kwa kengele na gwaride. Nikabandika ratiba ukutani: saa tatu hesabu, saa nne kusoma, saa tano Kiswahili. Nikiingia sebuleni alitakiwa asimame na kusema, "Shikamoo, mwalimu." Usinicheke. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi niliona nimeshachelewa. Rula sikumpigia hata siku moja, lakini kila alipokosea neno niligonga nayo meza.

Rafiki yangu Mkenya, nesi anayeishi Parramatta, si mbali na kwetu, naye anasomesha wanawe nyumbani, na ratiba hana. Wanasoma wanachotaka, wakati wanaotaka. Mwezi mzima walisoma habari za sisimizi. Nilimwambia hiyo si elimu, ni likizo. Akacheka tu, akaniongeza chai.

Jumatatu ya tatu, saa tatu kasorobo, binti yangu alijikunja kitini, ameshika tumbo. Nikaanza kufoka, kisha nikajikatiza. Alipokuwa shule alikuwa na pa kukimbilia, nyumbani. Sasa akiikimbia nyumba, aende wapi?

Mume wangu alikuwa mlangoni akifunga viatu vya kazi. "Mke wangu," akasema taratibu, "hatukumtoa shule. Umeihamishia sebuleni."

Niliumia, maana alisema kweli. Nikaibandua ratiba. Hesabu nilibaki nayo, hesabu siachi hata aje nani, lakini kusoma nikamwachia mwenyewe. Wiki mbili hakugusa kitabu. Nilizunguka jikoni nikijiuma midomo, nikiogopa kwamba nimemharibu mtoto kotekote, kwa ukali wangu na sasa kwa ulegevu wangu.

Jumamosi moja nikamkalisha mkekani, kichwa kati ya magoti yangu, nimsuke mistari minane twende kilioni kwa jirani. Alikuwa ameshika kitabu cha samaki aina ya papa alichojichagulia maktaba. Akaanza kusoma kwa sauti, hakuna aliyemwambia, akikwama kwenye majina marefu ya papa. Mikono yangu ilijaa nywele na mafuta, sikuweza kugonga chochote. Akakosea neno. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinitoa jasho. Akarudi nyuma, akalisahihisha mwenyewe, akaendelea. Nilimpenda mpaka machozi yakanilengalenga.

Baada ya kurasa nne akauliza, "Mama, unamaliza? I want to finish this chapter."

Nilikuwa nimebakiza mstari mmoja.

"Bado sana, mwanangu," nikamwambia. "Wewe soma, umalize sura yako."

Kisha nikaanza kufumua ile mitatu ya kwanza, polepole, asije akagundua.