Stika ya Waranti na Ugali wa Wimbi

Mhariri, jina langu libaki kwenu, huku tunajuana sana.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na saba, nina mke na watoto watatu, na ofisi ndogo ya kupiga chapa Nyamira mjini. Zamani nilifundisha bila cheti, ndiyo maana bado wananiita mwalimu. Kompyuta sikusomea popote. Nilijifunza kwa kusimama kwenye kaunta ya duka moja Kisii nikimtazama fundi wao, nitamwita Evans, akifungua mashine. Si mchoyo. Ukimwuliza, anakuonyesha.

Mwaka jana mimi na mke wangu tuliuza ng'ombe, tukaongeza bonasi ya mwaka ya majani chai ya shamba letu, tukanunua laptopu katika duka hilo. Ilikuja na waranti ya mwaka mmoja na stika ndogo chini yake: ikibanduliwa, waranti imekufa. Lakini mashine ilikuwa nzito. Ukifungua programu ya mazishi, ile ratiba ya ibada yenye picha, unaenda kunywa chai, unarudi unakuta marehemu bado ana paji la uso tu.

Nikapata memori ya kuongeza kutoka Nairobi. Stika niliibandua kwa mvuke wa birika, polepole, kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Mashine ikapata mbio. Miezi minne baadaye kioo kikawa cheusi. Kioo na memori hata hawasalimiani, ila nilijua hakuna atakayenisikiliza. Nikachomoa memori yangu, nikarudisha skrubu, nikabaki na stika isiyoshika. Ilikuwa Jumamosi. Jumamosi huku Wasabato tuko kanisani, au tunapaswa kuwa, na maduka mengi yamefungwa. Gundi sikupata. Mezani kulikuwa na ugali wa wimbi. Nikamega, nikaulainisha kwa maji, nikabandika. Ulishika vizuri, na nilijisifu.

Duka liliituma mashine Nairobi. Baada ya wiki tatu ikarudi bila kuguswa, pamoja na barua: stika ilibanduliwa, ikabandikwa tena kwa chakula cha rangi ya kahawia, na chakula chenyewe kimeota ukungu. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mpole, aliyezaliwa papa hapa Kisii. Alisoma barua mara mbili. Dukani mwake ni mtu mmoja tu anayekula ugali wa wimbi kwenye meza ya kazi kila mchana. Akamfuta Evans kazi siku hiyo hiyo. Nilipofika, mzee aliniomba radhi, akasema kioo kipya atakigharimia yeye. Nilisema asante. Nikasema tena asante.

Mke wangu ndiye pekee anayejua. Hakunikemea. Alisema tu, "Baba watoto, ule ugali niliusonga mimi." Tangu hapo anapika wa mahindi.

Jumapili iliyopita Evans alikuja kutoka kwao Gesima, ambako sasa anachuma chai ya watu kwa kibarua. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Nilidhani amekuja kunilaumu. Kumbe mzee amekubali kumrudisha kazini, mradi akiri kwa maandishi kwamba ni yeye aliyefungua mashine, na mteja aliyekosewa aandike chini yake kwamba amemsamehe. Nikamwuliza, bila haya, kama kweli ni yeye.

"Mwalimu, mimi ningebandika kwa gundi. Droo yangu imejaa gundi."

"Sasa utakubali vipi kosa ambalo si lako?"

"Nina mama na watoto wawili. Andika ni mimi. Halafu wewe uandike umenisamehe."

Nikaipiga chapa barua yake kwenye laptopu ile ile, kioo kipya kinang'aa. Akatia sahihi, akaniachia nafasi chini. Nilimwambia nahitaji kutuliza moyo kwanza. Akasema nisijisumbue, hata mwisho wa mwezi ni sawa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekosewa.

Tangu siku hiyo nachapa kazi za watu barua ile ikiwa kando yangu, imelala kifudifudi. Nikitia sahihi, anapata kazi, lakini atakaa pale kama mwizi aliyeonewa huruma, na kila kitakachoharibika dukani kitakuwa mkono wake. Nikisema ukweli, mzee atakuja kuchukua kioo chake na ana haki, kanisani nitakaa benchi la nyuma, na sijui nani ataniletea tena hata programu ya mazishi. Nimechoka, jamani. Hata ujanja wenyewe umenichosha.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, nishaurini, nifanye nini? Nimsamehe mtu kwa jambo nililolifanya mimi? Amebakisha mistari minne, na anangoja.