Taa Nyekundu Masijala

Karani wa masijala alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipoanza kuwaogopa watu wanaozungumza huku wamempa mgongo. Mwaka wa tatu sasa masikio yake yalikuwa yakififia, la kushoto likitangulia, na ofisini hakumwambia mtu. Aliyemtangulia kwenye kazi ile alipoanza kupoteza macho, alipewa barua ya kupumzishwa kabla mwezi haujaisha, na karani, wakati huo msaidizi wake, ndiye aliyeifungulia barua hiyo jalada. Kwa hiyo alijifunza kusoma midomo, kucheka wenzake wanapocheka, na kuitikia "sawa" kwa lolote atakaloambiwa. Wakambandika jina la Mama Sawa. Hilo nalo aliliitikia.

Aliyemgundua ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta, na ukoo mzima ulimtania kwamba ndiye wifi pekee asiyehitaji nywila. Siku moja alirudi kutoka mkutano wa mafundi na beji ya ajabu waliyogawiwa washiriki: ubao mdogo wa elektroniki wa kuning'iniza shingoni, wenye kioo kama stempu, taa kumi na mbili pembeni, na kinasa sauti kidogo kama punje ya mchele. Ukiiunganisha na kompyuta kwa waya, unaiandikia mwenyewe la kufanya.

"Chukua, wifi," alisema, akimkabili ili midomo yake ionekane. "Nitakufundisha, ila programu utaandika wewe. Masikio ni yako."

Karani alikana, akalia, kisha akaichukua. Mara ya kwanza aligeuza kimakosa alama moja tu ya programu, beji ikawa inawaka chumba kikiwa kimya na kuzimika mtu akisema. Walicheka mpaka machozi. Walikutana kila Jumamosi, na ilipofika ya sita beji ilikuwa imetii: kijani mtu akiongea karibu, njano mlango ukigongwa. Baadaye, akiwa peke yake, karani akaongeza mistari michache kwa kichwa chake mwenyewe: kelele kubwa ikidumu sekunde tano bila kukatika, taa zote ziwe nyekundu. Mistari hiyo wifi hakuikagua.

Kazini alisema ni pambo la zawadi. Kwa miezi miwili lilimsitiri, lakini moyo haukutulia. Kila taa ilipopepesa aliwaza kwamba leo itawaka ovyo mbele ya mkuu wa utawala, aulizwe ni ya nini, na siri yote imwagike mezani.

Masijala ilikuwa chini kabisa ya jengo, chumba kirefu kisicho na dirisha. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, alikuwa ndani kule nyuma, kati ya rafu ya tisa na ya kumi, mikono imejaa majalada, beji ikawaka nyekundu. Taa zote kumi na mbili.

Kilichomjia kwanza kilikuwa aibu. Alijua amekosea ile mistari yake. Akaweka majalada sakafuni, akabonyeza kitufe cha kuiwasha upya. Beji ikazimika, ikaamka, na baada ya muda mfupi ikawa nyekundu tena. Alijaribu kuisoma programu kichwani, mstari kwa mstari. Alisikiliza kwa nguvu zake zote. Hakukuwa na kitu, ila ule mvumo hafifu uliokuwa kichwani mwake siku zote.

Ndipo akafunika kinasa sauti kwa kidole gumba. Taa zikazimika. Akakiondoa, akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Nyekundu.

Beji haikuwa na kosa. Kelele ilikuwepo, kubwa, imemzunguka pande zote, naye amesimama katikati yake kama aliyezikwa. Na hakujua imeanza lini.

Alikimbia. Hajafika rafu ya nne, umeme ukakatika, giza likamfunika. Mwanga pekee ukawa ule wekundu wa kifuani, uliomwonyesha hatua moja tu mbele. Aligonga goti kwenye ngazi ya kupandia rafu, akaanguka, akainuka. Alipofungua mlango moshi ulimpiga usoni. Hakuweza kusikia kama kuna mtu karibu wala moto unatokea upande gani. Alijiziba pua kwa mtandio, akashika ukuta, akafuata ukuta, akapata ngazi, akazipanda kwa mikono na magoti.

Nje, wenzake wote walikuwa wamesimama uani. Tarishi, mzee mpole aliyezoea kumletea barua, alimjia mbio, machozi yakimtoka.

"King'ora cha moto kilipolia nilikuita pale mlangoni mpaka koo likakauka," alisema. "Nikadhani umeshatoka."

Mkuu wa utawala alikuwa nyuma yake, akimtazama. Karani aliona hii ndiyo saa ya kusema "sawa" kwa mara nyingine, na akaona hawezi.

"Sikusikia," alisema. "Sisikii vizuri. Mwaka wa tatu sasa."

Midomo ya mkuu haikusogea kabisa, na hilo lilimtisha karani kuliko moshi.

Jioni alimweleza mumewe, ambaye aligeuka amkabili. "Nilidhani umenichoka," alisema polepole. "Nilikuwa nakusemesha, unanipita."

Moto ulikuwa umeanzia chumba cha mitambo ya umeme, ukazimwa kabla ya kufika kwenye majalada. Barua ilikuja siku ya tano. Karani aliifungulia chooni, mlango ameufunga kwa komeo. Walimwagiza akapimwe masikio, na kuanzia wiki ijayo ahamie meza ya ghorofa ya kwanza, yenye dirisha, mpaka majibu yatoke. Baada ya majibu itakuwaje, barua haikusema. Aliisoma mara tatu, akaikunja, akanawa uso, akapanda juu kuuliza meza yenyewe ni ipi.