Aliyenyimwa Moto Nyabusalu

Zamani mtu wa Nyabusalu akiamka akakuta moto wake umezimika alichukua kigae akaenda kuomba kaa kwa jirani, na siku hizi humtuma mtoto dukani kununua kiberiti, na huyo jirani akifa atasikia kwa wapita njia.

Luhende alizaliwa wakati wa vigae. Baba yake alimwachia ng'ombe kumi na wanne, kigoda cha miguu mitatu na ngitili ya ekari ishirini na mbili. Ngitili ni malisho ya akiba: hufungwa mvua zinapoanza, hufunguliwa kiangazi ng'ombe wanapoanza kuonyesha mbavu, ila kwa shoka haifunguliwi. Ya Luhende haikuwa na ukuta wala seng'enge. Mzee akisema imefungwa, imefungwa. Mchungaji anajua, mkata kuni anajua, na watu walitania kwamba hata mbuzi wanajua. Humo ndani migunga ilinenepa bila kupandwa na mtu, na kijito kilichopita kati yake hakikukauka hata mwaka wa njaa.

Kisha likaja soko huria. Matajiri wenye malori walikuja kununua pamba shambani, kila mmoja na mzani wake. Msimu wa kwanza walilipa vizuri, wa pili wakalipa vibaya, wa tatu hawakuonekana. Ghala la chama cha ushirika likawa la popo. Mwanza mjini vikafunguliwa viwanda vya minofu. Sangara akachunwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na wenye ziwa wakaachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mapanki hukaangwa, na karai moja la mapanki hula kuni kama tanuri la matofali. Basi waliokosa pamba wakaingia kwenye kuni, mkaa na mapanki. Ndani ya miaka minne vilima vya kutoka Magu hadi ziwani vilinyolewa vikabaki upara. Mvua zikaanza kuja zinavyotaka, na zilipokuja zilibeba udongo mwekundu zikautapika ziwani.

Hapo ndipo walipokuja watu wa semina.

Mwalimu wao aliitwa Celestina, binti wa Kihaya kutoka Kagera, mwembamba, mwenye viatu vya kufunga kamba kama vya askari. Alikusanya watu shuleni, akatundika karatasi ukutani, akawaeleza kwamba miti huleta mvua na mifugo izuiwe sehemu fulani kwa miezi kadhaa ili nyasi zipumzike. Luhende aliyejifunza kusoma ukubwani, kisomo cha watu wazima, na tangu hapo akasoma hata magazeti yaliyofungiwa sukari, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo unayoieleza ina jina. Inaitwa ngitili. Baba yangu hakupewa soda ili aijue."

Watu wakacheka. Celestina naye akacheka, akaigeuza karatasi yake akaandika NGITILI kwa herufi kubwa. Tangu siku ile Luhende alimheshimu.

Wiki iliyofuata mwalimu aliwafundisha wanawake kufinyanga jiko la udongo wa kichuguu na majani makavu, lenye mdomo mmoja wa kuni na mafiga yaliyofungwa pande zote. Lilipikia chungu kizima kwa vijiti vitatu. Maige, mwenyekiti wa wazee, alilizunguka kama anakagua fahali wa mnadani.

"Kwenu mnapikia ndizi humu, mwalimu?"

"Ndizi, maharage, kila kitu."

"Ugali wa watu kumi na wawili unataka mafiga matatu na mikono miwili ya mwanamke mwenye hasira. Hili litavunjika kabla ya wimbi la pili la mwiko."

"Basi njoo uusonge wewe, mzee Maige, maana wewe huna hasira."

Halikuvunjika. Luhende akajenga moja kwa mkewe Teodora, akajenga la pili kwa shemeji yake, na mikono yake ikawa myepesi katika kazi ile kuliko ya wanawake wengi. Jambo moja hakulifanya, nalo lilikuwa hatua mia moja tu kutoka mlangoni pake: hakumjengea Ng'washi, bintiye mjane, aliyeishi ng'ambo ya zizi na watoto wawili, Hellen na Jonathan, akikaanga mapanki ya kuuza Magu. Alisema moyoni kwamba karai la mapanki ni kubwa mno kwa jiko lile. Hakujaribu kupima.

Agosti ya mwaka tisini na tisa alikuta visiki saba ndani ya ngitili. Vilikuwa vimepakwa matope na mavi ya ng'ombe ili vionekane vya zamani. Hakuhitaji mpelelezi. Alifuata alama za magogo yaliyoburutwa mpaka nyuma ya nyumba ya Ng'washi, akamkuta ameinama juu ya karai, moshi umempa macho mekundu. Utomvu wa mgunga ulikuwa bado unachuruzika kwenye ncha za kuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuni hizi umezitoa wapi?"

"Baba, unauliza unachokijua."

"Nataka nikisikie."

Ng'washi alijifuta uso kwa kanga. "Mlima wa serikali umekwisha. Wa kina Masalu umekwisha. Umebaki wa kwako. Nilidhani mtoto akikosa pote huenda kwa baba yake."

"Ungeomba."

"Niliomba kiangazi kilichopita. Ukaniambia imefungwa."

Ni kweli, alikuwa amemwambia hivyo. Luhende alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda hadi Teodora alipomletea uji, na uji ukapoa.

Celestina alipita siku ile ile kukagua majiko. Alipoelezwa alisema taratibu, "Mzee, mjengee jiko kubwa kwanza. Tutapima karai pamoja. Kesi ingoje."

"Kesi haingoji, mwalimu. Nikimficha wangu, kesho nitamkamata wa nani?"

Akalipeleka shauri mwenyewe kwenye dagashida, mkutano wa wanaume wa kijiji, chini ya jua la saa nne. Maige ndiye aliyejibu.

"Luhende, kisiki hakisemi. Tungeweza kulaumu wapita njia. Wapita njia wamezoea."

"Sema sheria."

Sheria ilikuwa kunyimwa moto. Mtu aliyenyimwa moto hapewi kaa, hachotewi maji, hasalimiwi, hazikiwi mtu wake, mpaka alete mbuzi na pombe, apige magoti, aombe. Hapo hapo husamehewa, mbuzi huliwa, na atakayemkumbusha kosa hutozwa yeye. Luhende aliijua kwa kuiona. Baba yake mzazi alinyimwa moto kwa kutohudhuria maziko ya jirani. Nyumba yao ikakaa siku tatu bila kupika, watoto wakatafuna mihogo mibichi; siku ya nne baba akaenda na mbuzi, akalia mbele za watu, na jioni ile kulikuwa na ngoma nyumbani kwao. Luhende, mtoto wa miaka minane, hakupata kuiona tena nyumba yao imejaa vile.

Hicho ndicho alichokingoja. Alikwisha kumchagua mbuzi kutoka zizini kwake, beberu mweupe mwenye sikio lililokatika, akampa Teodora amfunge pembeni. Ng'washi akija kumlilia mama yake, angekabidhiwa kimya kimya. Teodora alikwisha kukoroga pombe.

Siku ya tatu moshi ulipanda nyuma ya nyumba ya Ng'washi kama kawaida. Siku ya nne pia. Luhende alisimama zizini akiutazama moshi ule, na akili yake ikachelewa kumwambia kitu ambacho mtoto yeyote wa Nyabusalu angemwambia: kiberiti kilikuwa dukani kwa Gosbert, na Gosbert alikuwa mtu wa kuja, hafungwi na dagashida. Maji yalikuwa kwenye pampu ya mradi, inayopigwa na yeyote mwenye mkono. Ng'washi hakuhitaji cha mtu. Alichonyimwa ni salamu tu.

Na hiyo ndiyo iliyomuuma. Hellen alirudi kutoka pampuni akauliza, "Mama, kwa nini yule bibi jirani aliyezaa mapacha hakuitikia shikamoo?" Siku ya tisa pikapu ya samaki ilisimama barabarani, Ng'washi akapakia karai, godoro na watoto, akaenda Pasiansi, Mwanza mjini. Hakugeuka kutazama. Pombe ya Teodora ikachacha mpaka ikamwagwa. Beberu akauzwa.

Ngitili ilipona. Niseme haki: baada ya hapo hakuna aliyegusa hata tawi, maana mtu aliyemtoa binti yake atakufanya nini wewe? Wageni walikuja kwa magari meupe wakaipiga picha. Luhende alipewa fulana na cheti, na katika semina ya wilaya alisimamishwa mbele akapigiwa makofi. Celestina hakupiga. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma, anatazama viatu vyake.

Luhende alikwenda Pasiansi mara mbili. Mara ya kwanza Ng'washi alimpa kiti, akampa chai, wakazungumza habari za mvua. Mara ya pili ilikuwa Novemba ya mwaka elfu mbili. Alikuta chumba kitupu, na mwenye nyumba akamwelekeza mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Aliwakuta wamekaa juu ya mizigo wakingoja mtumbwi wa injini. Walikuwa wanahamia kisiwani, kwenye kambi ya wavuvi, kulikokuwa na kazi ya kuanika dagaa.

"Rudi nyumbani," alisema. "Mbuzi nitatoa mimi. Nimeongea na Maige."

"Nipige magoti?"

"Ni dakika moja, mwanangu. Wote tumepiga. Babu yako alipiga."

"Babu alipiga kwa watu waliotaka arudi."

"Mimi nataka."

Ng'washi alimtazama kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Ulitaka miti ibaki, baba. Imebaki. Nenda ukaiangalie."

Jonathan alisema, "Babu, shikamoo," akijifunza adabu palepale. Luhende aliitikia. Wapakizi wakaita. Maji yalikuwa ya magoti, na Ng'washi alimbeba Jonathan mgongoni, Hellen akapita mwenyewe ameshikilia sketi juu. Mtu mmoja akawapokea mikono. Walikaa katikati, kati ya magunia ya chumvi na mapipa ya mafuta, na Ng'washi akawafunika watoto vichwa kwa turubai kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Luhende aliona turubai la bluu hadi mtumbwi ulipozunguka mawe. Hakuwaona tena.