Dawa Haikatwi Ghafla

"Mwanaume mzima, ndevu zina mvi, unanipaka miguu kama mke mdogo," mama aliniambia asubuhi ya kwanza. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kiti chake, mlangoni kwetu Ganako, tyubu ya dawa mkononi. "Wenzako wana wake wa kufanya kazi hiyo."

Nilikuwa napima dawa kwenye kidole.

Miguu ilikuwa imeharibika. Kuanzia magotini kushuka chini ngozi ilikuwa nene, imepasuka, na mipasuko inatoa maji. Alikuwa akijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka damu. Jirani ndiye aliyenipigia simu nikiwa Engaresero, kwenye kambi ya watalii nilikokuwa napika. "Njoo umwone mama yako kabla hajaoza," alisema, na nyuma ya sauti yake nilimsikia mama akimwambia asipoteze salio kwa mtu asiye na kwao. Nikaomba ruhusa kwa bosi, nikaja.

Hospitalini mjini Karatu, daktari, binti mdogo kuliko mimi, alisema ni pumu ya ngozi. Jina hilo nalijua. Ninayo mikononi tangu utoto. Alimwandikia dawa ya kupaka, kisha akanishika kidole cha shahada akanionyesha. Kamua dawa kutoka ncha ya kidole hadi pingili ya kwanza. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili. Paka penye ugonjwa tu. Mafuta ya mgando yapakwe kutwa, hata akipona. Dawa asipake usoni, asifunge nailoni juu yake, asimgawie jirani.

"Na ikitulia msiikate ghafla," akasema. "Mtapunguza. Siku moja mnapaka, siku moja mnaacha, baadaye mara mbili kwa wiki, halafu mnarudi niwaone."

Mama akamwuliza, "Ndiyo hii watu wanajichubulia?"

"Ndiyo hiyo, bibi. Wanaikoroga kwenye losheni, wanapaka usoni miezi na miezi mpaka ngozi inakuwa nyembamba, jua likipiga kidogo tu inaungua. Lakini ukiipaka penye ugonjwa, kwa kipimo, inatibu."

Mama aliangalia dirisha. Hakuniangalia mimi, na nilijua kwa nini.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya kuosha vyombo na kukata mboga kwenye hoteli moja, barabara ya kupanda kwenda geti la Ngorongoro. Sabuni na baridi vikaamsha mikono yangu. Mpishi mkuu akanipa jina la Kenge, na jikoni zima likalichukua. "Kenge, usiguse saladi." "Kenge, leo umejivua gamba?" Alisema wageni wa msimu wakifika nikiwa bado hivyo, nirudi porini kwa ndugu zangu. Nikaenda hospitali, nikapewa tyubu kama hii, na mikono ikaanza kutulia.

Mama akaikuta chini ya godoro. Mdogo wake, mama yangu mdogo, alikuwa ameharibika uso kwa mkorogo uliotiwa dawa ya namna hiyo. Uso ulijaa vipele na mishipa myekundu, akawa anakwenda gulioni amejitanda kanga mpaka machoni. Mama hakuniuliza kitu. Alinishika mkono, akanipeleka mpaka chooni, akaitupa tyubu shimoni nikiona. "Afadhali uwe kenge mweusi kuliko kuwa kama mdogo wangu," akasema.

Wageni wakafika mikono yangu ikitoa maji. Nikafukuzwa kazi, na wiki hiyo hiyo nikaondoka nyumbani. Tangu hapo sijakaa popote zaidi ya msimu mmoja. Kambini, kila mahali, nimekuwa nikikumbuka harufu ya mbaazi zetu zikichemka na udongo mwekundu uliolowa. Nikirudi, siku ya pili tu naanza kusikiliza magari yanayopita barabarani.

Safari hii ilibidi nikae. Nilimpaka, naye akanitukana.

"Ongeza! Unabania kama unatia chumvi kwenye mboga ya mgeni."

"Ndicho kipimo, mama."

"Kipimo! Wewe mwenyewe ulizaliwa bila kipimo, ona ulivyotoka."

Mchana mmoja nilimkuta amejifunga miguu kwa nailoni ya mfuko wa mbolea, ili dawa iingie vizuri. Nilipoifungua aliniita mchawi, kwa sauti ya kutosha majirani.

Hata hivyo ngozi ikaanza kulainika. Maji yakakauka, usiku akalala. Ndipo bosi akapiga simu: gari la kambi lingepita Karatu Ijumaa, niwe tayari. Mama alikuwa ndani anachambua maharage. Mikono yake ikanyamaza.

Kesho yake miguu ilikuwa myekundu upya, imechunwa. Chini ya kiti nilikuta gunzi, na kitambaa chenye mafuta na dawa.

"Umeifuta dawa."

"Ilikuwa inawasha."

"Mama."

"Nikipona si unaondoka?" Alisema kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu. "Usidhani nakupenda sana. Nimechoka tu kuulizwa na watu kama nina mtoto. Na yule binti amesema dawa haikatwi ghafla. Wewe kila ukija unakata ghafla, halafu mnashangaa kwa nini najikuna."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba yeye ndiye aliyenitupa chooni pamoja na tyubu.

"Choo kile kilijaa zamani," akasema. "Tulichimba kingine."

Sijamsamehe, na yeye hajaomba. Ijumaa gari lilipiga honi barabarani. Nikaenda na begi mpaka mlangoni mwa gari, nikamwambia dereva aende, nikarudi na begi langu. Mama aliniona nikiingia uani. "Umesahau nini?" akauliza.

Sasa nakata mboga kwenye hoteli moja mjini Karatu, navaa glavu za pamba ndani ya zile za mpira, nalala huko. Asubuhi naliona vumbi la magari yanayopanda getini na miguu inaniwasha kwa namna yake. Ya mama imepona, imebaki na mabaka tu. Daktari alimwona tena, akasema tumefika mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo napanda Ganako Jumatano na Jumamosi, na tyubu inakaa mfukoni mwangu.

Juzi mvua ilinichelewesha. Nilimkuta mlangoni, kanga imepandishwa magotini, miguu imenyooshwa.

"Ukichelewa tena usije kabisa," akasema. "Haya, paka. Na usibanie."