Moshi Chini ya Mringaringa

Juzi, nikipita Makumira, niliona kibao kwenye mti mkubwa wenye tundu: humu popo adimu wanalea watoto wao, tafadhali msiwashe moto. Harufu ya moshi wa zamani ikanirudia.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, baba alitaka mringaringa wetu upasuliwe mbao. Fundi alishafika na msumeno, lakini tundu la mti lilijaa popo. Baba alifuga nyuki, kwa hiyo aliwafukiza popo kama alivyofukiza mizinga, kwa majani makavu ya migomba na kinyesi cha ng'ombe. Mimi nilisimama na bakuli, nikisubiri mayai. Kitu kinachoruka, niliwaza, lazima kitage.

Badala ya mayai alianguka popo mmoja, mtoto asiye na manyoya amemng'ang'ania kifuani.

"Baba Neema, zima moto!" mama alisema. "Huyu ananyonyesha."

"Popo ananyonyesha?" niliuliza.

"Kwani ulidhani anataga?"

Fundi alicheka. Nilificha bakuli mgongoni.

Sasa najua kwamba popo wa aina ile huzaa mtoto mmoja tu kwa kila uzazi, na kwamba mtoto asiyeweza kuruka hufia kwenye moshi. Kuwasaidia si kazi ngumu: ni kuwaachia mti wao. Mama hakuwa amesoma hayo. Alimwinua popo kwa jani la mgomba, bila kumgusa, akamweka kwenye gome. Tulimtazama akipanda taratibu na mwanawe, mpaka akaingia tunduni.

Baba alimwagia moto maji.

"Fundi, rudi nyumbani," alisema. "Mti huu una wenyewe."